Asilaumiwe Aliyefungua Ukurasa

Yapo maneno ambayo yakirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa kweli machoni pa watu, na hakuna tena anayejisumbua kuyapima. Mojawapo katika siku zetu ni hili: kompyuta au simu ikiingiliwa na wezi, mkosaji ni yule aliyekuwa akiitumia. Alibonyeza asichokijua. Alifungua ukurasa asioutambua. Alikuwa mzembe. Nimeyasikia haya katika semina, nimeyasikia redioni, nimeyasoma katika vipeperushi vya benki, na hata wajukuu zangu wanapokuja likizo hapa Buganguzi hunihubiria mimi babu yao. Nakusudia kuyapinga. Siyapingi yote, kwa maana uzembe upo, na mtu anayemtajia mgeni namba yake ya siri ya fedha za simu asimtafute mchawi. Ninachopinga ni desturi ya kuufanya uzembe wa mtumiaji kuwa jibu la kila swali, huku fundi aliyekiunda chombo akiwa amekaa kivulini hana wa kumwuliza neno.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Ni mwalimu wa hisabati, niliyekuwa mkuu wa shule na kisha nikamalizia utumishi wangu katika chuo cha ualimu. Lakini mwalimu wa hisabati anajua jambo moja: wanafunzi thelathini wakikosea swali lile lile, kwa namna ile ile, miaka thelathini mfululizo, kosa hilo si la wanafunzi tena.

Tuanze na chombo chenyewe. Programu tunayoitumia kutazama kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Wengi wetu tunatumia Chrome, wengine Firefox, na wenye simu za Apple hutumia Safari. Watu hudhani kivinjari ni kama dirisha, yaani kioo tu cha kutazamia nje. Sivyo. Kivinjari ni karani wa mapokezi ambaye mchana kutwa anapokea barua kutoka kwa watu asiowajua, anazifungua zote, anazisoma, na mara nyingi anatekeleza maagizo yaliyomo. Kila ukurasa huja na maandishi, picha, sauti, na amri za kufanyiwa kazi papo hapo. Kazi yake halisi ni kupokea vitu vya wageni. Kwa hiyo kama kuna programu duniani iliyostahili kujengwa kwa uangalifu wa kupita kiasi, ni hii.

Sasa, kompyuta ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni kama shamba moja refu lililogawanywa katika viwanja vyenye namba. Programu ikitaka kuhifadhi kitu huomba kiwanja, hukitumia, kisha hukirudisha ili kitolewe kwa mwingine. Katika mpango huu yapo makosa mawili makubwa, nami nitayaeleza kwa mifano ya kwetu kwa sababu ndivyo nilivyoyaelewa mwenyewe.

Kosa la kwanza ni la kuvuka mpaka. Kwetu Buhaya kibanja kina mpaka, na mpaka huo hupandwa miti ya mlamula ili pasiwe na ubishi. Ukilima ukaukuta mlamula, unasimama. Lakini lugha ambazo kwazo sehemu kubwa ya vivinjari imeandikwa, C iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 na C++ ya Bjarne Stroustrup iliyofuata, hazipandi mlamula. Mwandishi wa programu akitenga nafasi ya vitu kumi, kisha mgeni akaleta kumi na vitano, vile vitano vya ziada huandikwa tu katika kiwanja cha jirani, juu ya mazao ya jirani, na hakuna anayepiga kelele. Kama jirani huyo alikuwa ametunza humo maagizo ya hatua itakayofuata, basi mgeni amekwisha kuyafuta na kuandika ya kwake. Tangu hapo kompyuta inamtumikia mgeni.

Kosa la pili ni la kutumia kilichokwisha kurudishwa. Aliyewahi kusimamia bweni atalielewa upesi. Mwanafunzi wa kitanda namba 14 amehama shule. Kitanda amepewa mwingine. Lakini mlezi wa bweni ana orodha ya zamani, na kila Jumamosi anapeleka barua na vifurushi vya yule aliyehama kwenye kitanda namba 14. Anayelala pale sasa anapokea visivyo vyake, anavisoma, na akipenda anavijibu kwa jina la mwenziwe. Mwizi wa kompyuta hufanya hila ili yeye ndiye apewe kitanda namba 14. Mengine anafanyiwa na programu yenyewe, kwa utii kabisa.

Haya si makosa ya nadra. Mwaka 2020 wahandisi wa Chrome wenyewe walichambua kasoro 912 za usalama, zile za daraja la juu na la juu kabisa, zilizopatikana tangu mwaka 2015. Waliona kwamba kiasi cha asilimia 70 zilitokana na kumbukumbu kutumika vibaya, na karibu nusu ya hizo zilikuwa za aina ile ya kitanda namba 14. Microsoft nao waliwahi kutangaza asilimia kama hiyo kwa programu zao. Tafadhali uitazame hesabu hiyo kwa jicho la mwalimu. Sehemu saba katika kumi za maovu makubwa zinatoka katika chanzo kimoja, kinachojulikana, chenye jina. Halafu semina inatuambia kwamba chanzo ni kidole cha mama wa ofisini.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kidole hakipo. Tarehe 6 Septemba 2023 kampuni ya Apple pamoja na Citizen Lab, ambayo ni maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walitoa taarifa kwa Google juu ya tobo katika sehemu ya kufungua picha za aina ya WebP. Picha huja zikiwa zimebanwa ili ziwe nyepesi, na kivinjari huzikunjua kwa kutumia jedwali. Nafasi ya jedwali hilo ilikuwa imepimwa kwa kudhani kwamba kila picha itafuata kanuni. Ikija picha iliyotengenezwa makusudi kuvunja kanuni, jedwali linafurika na kuvuka mpaka. Ni lile kosa la mlamula, halikuongezwa kitu. Tarehe 11 Septemba Google ilitoa Chrome iliyorekebishwa, na kesho yake Firefox nao wakafanya hivyo, kwa sababu wote walikuwa wakitumia kipande kile kile cha programu, na pamoja nao programu nyingine nyingi ambazo hata si vivinjari. Siku moja baada ya taarifa hiyo, Citizen Lab walikuwa wametangaza kwamba picha za hila zilitumika kuingiza programu ya ujasusi iitwayo Pegasus katika simu ya mtumishi wa asasi ya kiraia yenye makao Washington, bila yeye kubonyeza lolote.

Mtu huyo tungempa ushauri gani? Asipokee picha?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Washington, sisi wa migombani yanatuhusu nini. Basi tuje karibu. Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu Ahmed Mansoor, wa Falme za Kiarabu, nchi ambako ndugu zetu wengi wa Pwani wamekwenda kutafuta riziki, alipokea ujumbe wa simu wenye kiungo na ahadi ya siri za mateso magerezani. Hakukibonyeza, aliupeleka ujumbe kwa Citizen Lab. Uchunguzi ulionyesha kwamba kama angebonyeza mara moja tu, kasoro ya kumbukumbu ndani ya Safari ingefungua mlango wa kwanza, na kasoro nyingine mbili zingemaliza kazi hadi simu nzima ikawa mali ya wapelelezi. Watetezi wa “usibonyeze” hupenda kisa hiki, na ni haki yao. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2023 nchini Misri, ambako maji ya mto wetu wa Kagera hupita yakienda baharini, aliyekuwa mbunge Ahmed Eltantawy alitangaza nia ya kugombea urais. Kati ya Agosti na Septemba simu yake ilishambuliwa tena na tena. Kwa sehemu kubwa haikuhitajika adanganywe kwa kiungo. Alipotembelea tu tovuti isiyolindwa kwa usimbaji, mtandao wa simu ulimgeuza njiani, ukampeleka kwenye ukurasa wa mtego, na kasoro ndani ya kivinjari ikangoja kufanya kazi yake. Mtu amefungua ukurasa wa kawaida, kama mimi ninavyofungua gazeti asubuhi.

Na karibu zaidi: katika ripoti yao ya Septemba 2018 Citizen Lab walitaja Kenya, Uganda, Rwanda na Oman miongoni mwa nchi 45 zilizoonekana kuwa na dalili za Pegasus. Desemba 2021 vyombo vya habari viliripoti kwamba simu za watumishi wa serikali ya Marekani wasiopungua tisa, waliokuwa Uganda au wakishughulikia mambo ya Uganda, zilikuwa zimedukuliwa kwa programu za kampuni hiyo hiyo. Kutoka hapa mpaka Mutukula ni mwendo wa asubuhi moja. Watumishi hao walikuwa watu waliofundishwa tahadhari kuliko sisi sote.

Kuna jambo nasitasita kuliandika, lakini wasomaji wa Kagera watanielewa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na karibu kila kijiji cha Muleba na Bukoba kilizika, au kililia mtu ambaye hata mwili wake haukuonekana. Siku zile tuliuliza maswali mengi kwa uchungu. Meli ilikuwaje? Nani aliiruhusu kuondoka? Nani alihesabu waliopanda? Sikumbuki mtu yeyote aliyesimama matangani akasema kwamba marehemu walipaswa kuikagua meli kabla ya kukata tiketi. Angesema hivyo tungemfukuza uwanjani. Tulijua bila kufundishwa kwamba abiria hawezi kuwa mhandisi wa meli, na kwamba yule anayeijua meli ndiye anayedaiwa maelezo. Sasa kwa nini, ikifika zamu ya kompyuta, tunamvua fundi jukumu hilo na kumvika abiria?

Matokeo yake nimeyaona. Miaka michache iliyopita niliitwa, kama mzee mstaafu, kuketi katika kikao cha shule moja ambayo sitaitaja. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imefungwa na wezi waliodai fedha, na majalada ya ada na ya wanafunzi wa mtihani yakawa hayafunguki. Mtuhumiwa alikuwa karani, binti wa watu, mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliokuwa mezani. Aliulizwa mara nne, nilihesabu, “Ulibonyeza nini?” Alijibu kwamba alikuwa akitafuta fomu kwenye tovuti na ukurasa ukaganda. Hakuna aliyeuliza kompyuta ile ilikuwa na umri gani. Niliuliza mimi. Ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuirekebisha tarehe 14 Januari 2020, na Chrome namba 109, ya mwisho kukubali mashine za namna hiyo, kwa kuwa kuanzia Februari 2023 Google haikutoa Chrome mpya kwa Windows 7. Maana yake ni kwamba kila tobo lililotangazwa baada ya hapo lilikuwa likining'inia wazi katika ofisi ile, likijulikana kwa kila mwizi anayejua kusoma. Hata lile la picha la Septemba 2023. Hakuna aliyepima ni njia ipi wezi walipitia. Kikao kilimpa karani onyo la maandishi na kumkata mshahara wa miezi mitatu kwa “matumizi ya kizembe ya mtandao.” Nilikataa kutia sahihi. Haikusaidia kitu, kura zilikuwa sita kwa moja.

Watengenezaji sharti niwape haki yao. Wanawalipa watu kutafuta kasoro, na lile tobo la WebP Google walilifunga kwa siku tano. Ni kazi nzuri. Lakini marekebisho humfikia mwenye mashine mpya na bando la kutosha. Mwalimu wa kijijini anayenunua bando la shilingi mia tano hawezi kulimaliza kwa kupakua kivinjari upya kila mwezi, na simu ya mtumba aliyoletewa na shemeji kutoka Dar es Salaam huenda ilikwisha kuachwa na watengenezaji kabla haijavuka Biharamulo. Kwa hiyo huu mtindo wa kuuza chombo kinachovuja na kukiziba baadaye unawalinda wenye nacho, na sisi tunabaki na ushauri wa kuwa waangalifu.

Hoja ninayoiogopa zaidi ni ile ya kwamba haiwezekani vinginevyo, kwamba programu ni kazi ya binadamu na binadamu hukosea. Ingekuwa kweli ningenyamaza. Lakini dawa inajulikana tangu zamani. Mwaka 1980 Mwingereza Tony Hoare, akipokea tuzo kubwa kuliko zote za fani ya kompyuta, alisimulia jinsi katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walivyotengeneza chombo cha kutafsiri lugha ya Algol 60 ambacho kilikagua mpaka kila mara programu ilipogusa safu ya data. Baadaye waliwauliza wateja kama wangependa ukaguzi huo uondolewe ili mashine iende kasi. Wateja wote walikataa. Hoare alisikitika kwamba waliobuni na kutumia lugha za kompyuta miaka iliyofuata hawakujifunza somo hilo, akaongeza kwamba katika fani yoyote ya uhandisi inayojiheshimu, kuacha tahadhari ya namna hiyo kungekuwa kumekwisha kuharamishwa kisheria. Hayo yalisemwa kabla wengi wa wahandisi wa leo hawajazaliwa. Miaka minane baadaye, Novemba 1988, mdudu aliyeandikwa na mwanafunzi Robert Morris alienea katika kompyuta za Marekani, na moja ya njia zake ilikuwa hiyo hiyo ya kufurisha kiwanja. Somo likafundishwa mara ya pili, tena kwa viboko.

Siku hizi ipo lugha iitwayo Rust, iliyolelewa na Mozilla, wenye Firefox, na kutolewa rasmi mwaka 2015. Yenyewe hupanda mlamula, na haimruhusu mwandishi kutumia kitanda kilichokwisha kurudishwa. Programu yenye kosa la namna hiyo inakataliwa kabla haijatoka karakana, isipokuwa pale mwandishi anapotamka wazi kwamba anajitwika hatari mwenyewe. Firefox ya Novemba 2017 ilikuwa tayari na sehemu kubwa iliyoandikwa kwa Rust. Na wale wanaolia kwamba mamilioni ya mistari ya zamani hayawezi kuandikwa upya, nawajibu kwa hesabu za Google: katika Android sehemu ya kasoro zitokanazo na kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024. Hawakubomoa nyumba nzima. Waliamua tu kwamba vyumba vipya vijengwe kwa lugha salama, na vya zamani vikaendelea kurekebishwa na kupungukiwa kasoro kadiri vilivyozeeka. Kwa hiyo inawezekana, na aliyeionyesha njia ni huyo huyo mwenye Chrome, ambaye Rust aliifungulia mlango katika kivinjari chake Januari 2023.

Wengine husema kivinjari ni cha bure, na cha bure hakidaiwi. Cha bure! Kampuni ya Alphabet, wenye Google, ilipata mwaka 2023 zaidi ya dola bilioni 300, na sehemu kubwa ni fedha za matangazo yanayotufikia kupitia vivinjari hivyo. Kijana anayegawa maziwa bure mlangoni ili ahesabu waliomo ndani na kuwauzia wenye maduka habari zao, maziwa yakiwa na sumu asituambie hatukulipa.

Sheria zetu bado zinalenga pande mbili tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu mvamizi, akipatikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana anayekusanya na kutunza taarifa, kama ile shule ya karani. Fundi wa chombo sijamwona popote. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria inayohesabu programu kuwa bidhaa, ambayo mtengenezaji anawajibika kwa madhara ya ubovu wake, kwa bidhaa zinazoingizwa sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Sioni kwa nini mtumiaji wa Muleba astahili ulinzi mdogo kuliko wa Ubelgiji, na waheshimiwa wabunge wetu wanaotembelea Ulaya kila mwaka kujifunza wangeweza safari moja kurudi na nakala ya sheria hiyo.

Hata kabla ya bunge, shule na halmashauri zinanunua kompyuta kila mwaka, na mnunuzi ana mdomo. Mwezi uliopita nilimsindikiza mwalimu mkuu wa jirani zetu katika duka moja la Bukoba mjini, nikamwambia muuzaji atuandikie katika ankara mashine ile itapokea marekebisho ya usalama hadi mwaka gani, na baada ya hapo nani atagharimia. Akasema, “Mzee wangu, hicho kipengele hakipo kwenye ankara zetu.” Nikamwomba kalamu, nikakichora mwenyewe chini ya bei, nikamrudishia ajaze. Alipiga simu kwa tajiri wake. Tulinunua kwingine, kwa bei iliyozidi kidogo, na mwaka umeandikwa.